Hakikini madaktari wa dharura mchana, ili usiku mgonjwa asiulizwe kadi: barua ya wazi kwa wakuu wa afya Kenya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mwenyekiti na Afisa Mkuu Mtendaji wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA),
Kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC),

Waheshimiwa,

Mimi ni daktari wa tiba ya dharura katika hospitali moja ya umma hapa Pwani. Mgonjwa ninayempokea hakunichagua. Ameletwa kwa machela, kwa tuktuk au mgongoni mwa ndugu yake, na hajui nilisomea wapi, kama leseni yangu ya mwaka huu ni hai, wala kama hospitali aliyofikishwa ina mkataba na SHA. Mara nyingi hawezi hata kutaja jina lake. Mambo hayo yote yangefaa yawe yameshahakikiwa nanyi kabla hajafika mlangoni. Hilo ndilo ombi langu, nami nitalieleza kwa urefu kwa sababu wagonjwa wanapotea katikati ya ofisi zenu tatu, na kila ofisi kwenye karatasi zake inaonekana imetimiza wajibu.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, Ibara ya 43(2), inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na haikuweka sharti la kadi wala la malipo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya ya 2017 kikafafanua kwamba matibabu hayo yanaanzia kabla ya hospitali, yanajumuisha kuimarisha hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa pale ambapo kituo hakina vifaa au uwezo. Kituo kinachokataa kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Kisha ikaja Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyozika NHIF, bima ya taifa ya hospitali tuliyoijua tangu 1966, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. Tangu hapo mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mapato yake yote, na asiye na mshahara anatakiwa kulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Sheria hiyo ndiyo iliyounda hazina ya dharura, magonjwa sugu na mahututi, ambayo wengi wetu tunaiita ECCIF. Kwa mara ya kwanza nchi yetu ilijibu swali la nani atalipia dharura. Nililipokea jibu hilo kwa furaha, na bado naamini lilikuwa jibu sahihi.

Nchi ilikuwa imelipa gharama kubwa kulifikia. Wengi mnakumbuka Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari akakaa ndani ya ambulensi saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi Nairobi, kisha akafariki. Wahudumu wa ambulensi ile walikaa naye muda wote huo, wakibadilisha mitungi ya oksijeni. Katiba ilikuwa na miaka mitano tayari.

Sasa niwaeleze usiku mmoja wa mvua hapa kwetu. Aliletwa mwendesha bodaboda wa miaka ishirini na kitu, amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk, miguu nje. Alikuwa ametoka kwenye kituo kimoja cha binafsi, mwendo wa nusu saa, ambako wenzake walimpeleka kwanza. Kule waliombwa dipoziti wakakosa. Wakakabidhiwa karatasi iliyokunjwa mara nne, ina mstari mmoja wa kalamu: apelekwe mbele kwa matibabu zaidi. Karatasi ile haikuwa na presha ya mgonjwa wala saa aliyopokewa. Haikuwa na jina la aliyemwona wala namba ya leseni yake. Upande wa kushoto wa kifua ulikuwa hauinuki tena, mishipa ya shingo imevimba kama kamba, na midomo imeanza kugeuka rangi. Hewa ilikuwa imejazana nje ya pafu inalibana, na moyo unasukumwa upande wa pili. Tulimchoma sindano nene kifuani, hewa ikatoka kwa mluzi ambao muuguzi aliyekuwa upande wa pili wa kitanda aliusikia. Baadaye tukaweka mrija. Alitoka hospitali akitembea.

Sindano ile haifiki bei ya chakula cha mchana, na ilikuwepo kule alikotoka. Alikuwepo pia afisa wa kliniki anayejua kuitumia, maana nilizungumza naye baadaye. Aliniambia kituo hakina mkataba na SHA, kila kifaa kinachotumika bila malipo mwenye kituo hukikata kwenye mshahara wa aliyekifungua, na mwezi uliotangulia alikuwa ameshakatwa. Sitaji kituo wala mtu, na sitaki afisa yule aadhibiwe. Nataka muone jinsi mtu mwenye ujuzi, mwenye cheti, na mwenye sindano mkononi anavyoweza kusimama mbele ya mtu anayekufa akapiga hesabu ya mshahara. Faini ya milioni 3 haikuwepo kichwani mwake usiku ule. Kilichokuwepo ni makato ya mwezi uliopita.

Hapa ndipo suala la stakabadhi na mkataba linapokutana, na ndipo penye kasoro. Stakabadhi za daktari ni zake binafsi: shahada, mwaka wa mafunzo kazini, shahada ya uzamili kwa aliye bingwa, kuingizwa kwenye daftari la Baraza, na leseni inayohuishwa kila mwaka baada ya kuthibitisha kwamba ameendelea kujisomea. Mkataba wa SHA ni wa kituo. Kwa hiyo daktari yule yule, anayefanya zamu Jumatatu katika hospitali yenye mkataba na Alhamisi katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara isiyo nao, mikono yake inatambuliwa na bima Jumatatu na haitambuliwi Alhamisi. Katika huduma za kawaida hilo halina ubaya. Mwenye presha ya miaka anaweza kuuliza kabla ya kwenda, akachagua kituo chenye mkataba. Mwenye mshtuko wa moyo hana nafasi hiyo. Anapelekwa mlango ulio karibu, na akiwa upande wa Likoni foleni ya feri ikiwa ndefu, ule ulio karibu ndio mlango pekee.

Ninaomba basi, kwa dharura peke yake, bima imfuate mgonjwa na daktari aliyehakikiwa, isimwachie mgonjwa kazi ya kutafuta mkataba. Kituo chochote chenye leseni hai ya Baraza, kiwe na mkataba au kisiwe nao, kilipwe kwa kazi ya kuokoa maisha katika saa za kwanza, kwa bei iliyopangwa na serikali na bila nyongeza kwa mgonjwa, mradi aliyetoa huduma ni mtu mwenye namba ya leseni inayosomeka kwenye daftari. Baada ya hali kutulia, kama kituo hakina mkataba, mgonjwa ahamishwe kwa utaratibu, na anayemhamisha aandike jina lake, namba yake, saa, presha, na alichokifanya. Karatasi ya mstari mmoja isikubalike popote katika nchi hii.

Najua mtaniuliza kuhusu wizi wa madai. Mna haki ya kuuliza, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono. Mwaka 2025 Baraza lilifunga vituo 728 na kushusha daraja vingine 301, na SHA ikasimamisha vituo vilivyoshukiwa kudai fedha za wagonjwa hewa. Pesa zile zilikatwa kwa walimu, kwa wauza samaki, kwa walinzi wa usiku. Anayeziiba anamwibia mgonjwa wa kesho. Ila tazameni wizi huo ulivyofanyika: kulazwa kwa watu ambao hawakulala, na upasuaji ambao haukufanyika. Hayo hupangwa mchana, kwa utulivu, na watu wenye muda. Dawa yake ni kumhakiki mtoa huduma mapema na kukagua madai baadaye. Kumsimamisha aliyezimia mlangoni hadi kidole chake kisome kwenye mashine au msimbo wa kumtambulisha ufike kwenye simu yake hakumzuii mwizi, kwa sababu mwizi ana vidole vya kutosha na simu za kutosha. Anayezuiwa ni yule ambaye simu yake imebaki barabarani imevunjika pamoja na pikipiki.

Kwa hiyo naomba kanuni iandikwe wazi kwamba katika dharura utambulisho wa mgonjwa unaweza kufuata ndani ya muda maalumu, na daktari aliye zamuni atie sahihi kwa namba yake ya leseni kuthibitisha kwamba mtu huyu alikuja katika hali hii saa hii. Sahihi hiyo ninaikubali kwa uzito wake wote. Nikidanganya, nifutwe kwenye daftari. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na leseni: nchi imeniamini niamue maisha ya mtu kwa dakika moja, basi iniamini pia niseme kwamba mtu huyo alikuwepo.

Jambo la tatu ni gumu zaidi na halizungumzwi vya kutosha: dharura ni nini, na nani anaamua? Mama wa miaka hamsini anafika anashika kifua, jasho linamtoka, anasema kama kuna jiwe. Tunampima moyo, tunachukua damu, tunamweka kwenye oksijeni, tunarudia kipimo baada ya saa kadhaa. Mwishowe inaonekana ni asidi ya tumbo. Je, ile ilikuwa dharura? Mkaguzi anayesoma faili wiki mbili baadaye, akiona neno la mwisho kwenye ukurasa, atasema hapana. Mimi nasema ndiyo, na mama yule angefanya kosa kubwa kubaki nyumbani akisubiri kujua. Malipo ya dharura yakifungwa kwenye ugonjwa uliopatikana mwishoni badala ya dalili zilizomleta mgonjwa, hospitali zitajifunza kuwaambia watu waende wakalale, na siku moja jiwe lile litakuwa la kweli.

Marekani walilijadili jambo hili kwa miaka na mwishowe likaingia katika sheria zao: dharura hupimwa kwa namna ambavyo mtu wa kawaida mwenye busara angeziona dalili zile, hata kama matokeo yatakuwa mepesi. Sipendekezi tuige gharama zao. Mfumo wao umewafilisi watu wengi kwa bili za hospitali. Lakini kuna mambo mawili mengine ya kwao ambayo yanatufaa. Tangu 1986, hospitali yoyote yenye idara ya dharura inayopokea pesa za Medicare, yaani bima ya serikali kwa wazee na baadhi ya wenye ulemavu, inalazimika kumpima na kumtuliza kila anayeingia mlangoni, awe na bima au asiwe nayo. Hawakutegemea faini peke yake. Waliunganisha wajibu huo na mkataba wa pesa ambao hospitali haiwezi kuishi bila nao. SHA leo ndiyo mnunuzi mkubwa wa huduma za afya katika nchi hii. Kifungu kimoja katika mikataba yenu, kwamba atakayemfukuza mgonjwa wa dharura kwa ajili ya dipoziti anapoteza mkataba, kitafanya kazi ambayo kifungu cha 7 hakijaweza kuifanya tangu 2017.

La pili ni uwazi. Kule kila daktari ana namba ya kitaifa ya tarakimu kumi, na mwananchi anaweza kufungua tovuti ya Medicare akasoma utaalamu wa daktari, chuo alichosomea, hospitali anakofanya kazi, na kama anakubali bei ya Medicare kuwa malipo kamili. Hapa kwetu habari hizo ziko vipande vipande: Baraza lina leseni zake, Baraza la Maafisa wa Kliniki lina za kwake, SHA ina orodha ya vituo vyenye mikataba. Sheria ya Afya ya Kidijitali mliipitisha mwaka ule ule wa 2023. Unganisheni daftari hizi, zifunguliwe kwa umma, na ukutani kwa kila kasualti, yaani idara ya dharura, ubandikwe ubao: kiongozi wa zamu ni nani, ana sifa gani, namba yake ni ipi, na kituo hiki kinalipwaje na SHA. Dada anayemsubiri kaka yake nje ya pazia ana haki ya kujua ni nani yuko ndani naye. Mimi jina langu nitalibandika leo.

Kuhusu sifa zenyewe. Tiba ya dharura ilitambuliwa kuwa fani ya ubingwa hapa Kenya mwaka 2017. Jirani zetu Tanzania walikuwa wametutangulia: Muhimbili ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010 na mafunzo ya mabingwa yakaanza mwaka huo huo, na leo wanafunzi wao wa mwanzo ndio wanaofundisha. Sisi bado mabingwa wa fani hii ni wachache mno, na wengi wetu tuko mijini. Hilo lina maana mbili kwenu, na naomba zisichanganywe. Ya kwanza: bingwa wa dharura atambuliwe katika orodha za malipo kama anavyotambuliwa daktari wa upasuaji au wa watoto, ili hospitali ione faida ya kumwajiri na kijana anayemaliza mafunzo kazini aone njia ya kuingia. Kazi ya kumrudisha mtu aliyesimama moyo isihesabiwe kama ada ya kumwona daktari tu.

Ya pili ina uzito mkubwa kuliko ya kwanza. Ubingwa wangu usitumiwe kuwa ukuta. Katika sehemu kubwa ya nchi hii, anayempokea mgonjwa wa dharura ni afisa wa kliniki pamoja na muuguzi, na daktari yuko mbali. Tuliona mwisho wa 2024 na mwanzo wa 2025 maafisa wa kliniki wakiweka chini zana za kazi, na kutotambuliwa na SHA lilikuwa mojawapo ya malalamiko yao. Mkisema dharura italipwa tu ikiwa imeandikwa na bingwa, mtakuwa mmefuta dharura kuanzia Lunga Lunga hadi Hola. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua saa nane usiku huko Kinango hawezi kunisubiri mimi. Afisa wa kliniki aliyesajiliwa na baraza lake, aliyepata mafunzo ya kuokoa maisha, alipwe kwa kazi aliyoifanya ndani ya mipaka ya leseni yake. Mimi niwepo kwenye simu, nimshauri, na jina langu liandikwe kando ya lake.

Nimalizie na pesa, kwa sababu bila pesa haya yote ni maneno. Bajeti ya mwaka 2025/26 ilitenga shilingi bilioni 8 kwa hazina ya dharura, magonjwa sugu na mahututi. Hazina hiyo hiyo inatakiwa kumbeba mgonjwa wa figo na wa saratani pale fedha za bima zinapomwishia, na kumbeba pia aliyegongwa na trela Mariakani. Wote wanastahili. Lakini mgonjwa wa figo ana ratiba, ana faili, ana ndugu wanaofuatilia, na madai yake yanajulikana tangu mwanzo wa mwezi. Aliyegongwa hana mtetezi hata mmoja hadi agongwe. Vikiwekwa katika chungu kimoja, kile kinachoweza kuhesabiwa mapema kitakimaliza chungu. Naliomba Bunge kupitia kwenu litenge fungu la dharura peke yake, lisiloguswa kwa lingine, na SHA itangaze kila robo ya mwaka imelipa madai mangapi ya dharura, kwa kaunti gani, na baada ya siku ngapi.

Ambulensi nimezipitia haraka kwa sababu zinahitaji barua yake. Itoshe kusema kwamba mfumo unaomlipia mgonjwa akishafika, bila kujali amefikaje, umeanza katikati ya safari.

Ninaomba jibu la maandishi kwa mambo mawili kwanza, kwa kuwa hayahitaji sheria mpya: kifungu cha mlango wazi, yaani cha kutomfukuza mgonjwa wa dharura, katika mikataba ya SHA inayohuishwa, na kanuni ya kuruhusu utambulisho wa mgonjwa ufuate baada ya matibabu kwa sahihi ya mhudumu mwenye leseni. Rasimu ya vyote viwili naweza kuwaletea Afya House, makao makuu ya Wizara, mimi mwenyewe pamoja na wenzangu wa kasualti, wauguzi na maafisa wa kliniki, siku yoyote mtakayotupangia. Tukijulishwa wiki moja kabla, tutapata wa kutushikia zamu.

Wenu katika utumishi,

Daktari wa tiba ya dharura,
Hospitali ya umma, Pwani ya Kenya